SIKU YA MAFURIKO SI SIKU YA UTORO

Ndugu Wafanya Kazi wa Kitale na Bungoma,

Safari hii hatuandiki juu ya nyongeza ya mshahara wala juu ya uchaguzi wa tawi. Twaandika juu ya mvua, na juu ya yale yanayompata mfanya kazi mvua ikiisha kupita.

Labda mmoja wenu atauliza: Mvua yakihusu nini chama? Mvua ni ya Mungu, na chama ni cha mishahara. Ndugu, ngoja kidogo. Mvua humnyeshea tajiri na maskini pamoja, lakini hesabu yake huletwa kwa mmoja tu.

Sikilizeni habari ya mwenzetu. Katika mvua kubwa za mwaka 2024, kibarua mmoja wa palizi katika shamba moja la miwa upande wa Bungoma alikosa kazi siku nne. Siku ya kwanza alikuwa akiwatoa watoto katika nyumba ya udongo iliyokuwa ikianguka ukuta mmoja mmoja. Siku ya pili alizunguka akitafuta mahali pa kuwalaza. Siku ya tatu alichimba choo kipya, maana kile cha zamani kilijaa maji, uchafu ukaenea uani. Siku ya nne alitoka alfajiri kwenda kazini, akakuta mto umelifunika daraja la miguu, akarudi. Siku ya tano maji yalipungua. Akavuka, viatu mkononi, akafika kabla ya kengele.

Nyapara akafungua daftari, akamwambia: "Jina lako limekwisha kukatwa. Wewe ni mtoro."

Miwa ya shamba lile nayo ilikuwa imesimama ndani ya maji. Mwenye shamba alikwenda benki kuomba muda wa kulipa deni lake, akasikilizwa kwa heshima, akapewa kiti na chai. Hakuna aliyemwita mtoro. Basi ndugu, oneni jinsi mambo yalivyo: tajiri akipatwa na mafuriko huitwa mwenye hasara, mfanya kazi akipatwa na mafuriko yale yale huitwa mtoro. Ni neno hilo tunalolipinga leo, na tutalipinga mpaka lifutwe katika daftari.

SI JAMBO LA MARA MOJA

Kuna wanaosema kwamba sisi watu wa bara hatuna vimbunga. Ni kweli kwamba kimbunga cha bahari, kama kile cha Idai kilichouvunja mji wa Beira nchini Msumbiji mwezi Machi 2019, hakipandi mpaka Mlima Elgon. Lakini kimbunga chetu hutoka juu ya milima. Huja usiku, kimebeba matope, mawe na miti.

Mwaka ule ule wa 2019, usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, milima ya Pokot ilishuka juu ya watu waliolala. Vijiji vya Nyarkulian na Parua vilifunikwa na udongo, na watu zaidi ya 40 walikufa. Barabara ya Kitale kwenda Lodwar ilikatika, madaraja yakachukuliwa na maji, hata ikabidi helikopta zitumike kuwafikia watu. Mwezi Aprili 2020 matope yaliivamia Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Mwezi Mei mwaka huo huo mto Nzoia ulivunja kingo zake kule Budalangi. Upande wa pili wa Mlima Elgon, katika nchi ya Uganda, watu wa Bududa walizikwa na udongo tarehe 1 Machi 2010, na wengine tena mwezi Oktoba 2018. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 280 katika Kenya nzima. Na Novemba 2025 ulipoanza, udongo ulishuka Chesongoch katika Elgeyo Marakwet, ukaua watu zaidi ya 30.

Hesabuni wenyewe: 2010, 2018, 2019, 2020, 2024, 2025. Jambo linalorudi namna hii si ajali tena. Limekuwa sehemu ya maisha ya kazi, kama vile vumbi la kinu na moshi wa lori. Na kila kilicho sehemu ya maisha ya kazi ni shauri la chama.

Tena maji yenyewe hayatambui mpaka wa kaunti. Mto Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherangani na ya Mlima Elgon, hupita Trans Nzoia, huanguka Nabuyole karibu na Webuye, kisha hushuka mpaka Budalangi na kuingia Ziwa Viktoria. Mvua inayolowesha koti la mlinzi wa usiku Kitale ndiyo itakayobomoa nyumba ya mvuvi wa Budalangi. Kwa hiyo mtu asiseme, "Hayo ni ya Wapokot," au, "Hayo ni ya watu wa Busia." Maji yale ni mamoja.

WANAOSEMA "NI KAZI YA MUNGU"

Yapo majibu mawili tunayopewa kila mara, na yote mawili yafaa yajibiwe.

La kwanza ni kwamba mafuriko ni kazi ya Mungu, na mwajiri hawezi kulipia kazi ya Mungu. Sisi hatubishani na Mwenyezi Mungu. Mvua ni yake. Lakini daraja la miguu lililooza mbao miaka mitatu kabla ya mvua si lake. Nyumba ya kambi isiyo na msingi, iliyojengwa bondeni ili mwenye shamba asipoteze ardhi nzuri ya juu, si yake. Mfereji ulioziba kwa sababu hakuna aliyetumwa kuuzibua wakati wa kiangazi si wake. Na kalamu iliyokata jina la kibarua katika daftari haikushikwa na Mungu. Ilishikwa na nyapara, kwa amri ya bwana wake.

La pili ni kwamba watu wenyewe wana makosa: kwa nini wajenge kwenye miteremko na kandokando ya mito? Swali hili huulizwa na watu waliokaa mahali tambarare. Ndugu, hakuna mtu aliyepanda mlimani kwa kupenda mandhari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Serikali ya Waingereza iligawa ardhi nzuri ya Trans Nzoia kwa walowezi, na baadhi yao walikuwa askari waliopewa mashamba kwa mpango wa 1919. Mwafrika alibaki humo kama kibarua, akiruhusiwa kulima kipande kidogo maadamu amefanya kazi ya bwana. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, baadhi ya mashamba yaligawiwa wananchi, lakini mengi mengine yalikwenda kwa wenye fedha au kwa mashirika ya Serikali. Aliyebaki bila kitu ama alipanda mlimani, ama alishuka bondeni. Kwanza umemnyima mtu mahali tambarare, halafu wamlaumu kwa kuishi mtelemkoni. Hiyo ni haki gani?

SHERIA YASEMA NINI

Wanachama wengi hudhani kwamba wakikosa kazi kwa sababu ya mafuriko hawana la kusema. Someni hapa, mkawasomee na wasiojua kusoma.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 44, yataja kosa la mtu kutokuwapo kazini "bila ruhusa au sababu nyingine ya halali". Kifungu cha 19 nacho, kinapomruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku ambayo mtu hakuja, chasema vivyo hivyo: bila ruhusa au sababu ya halali. Basi twauliza: ikiwa mto uliofunika daraja si sababu ya halali, sababu ya halali ni ipi? Je, mtu azame kwanza ndipo aletewe karatasi ya ruhusa?

Kifungu cha 41 chasema kwamba mtu asifukuzwe kwa kosa kabla ya kuelezwa kosa lake na kusikilizwa, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama wakati wa kusikilizwa. Kufungua daftari na kusema "jina limekatwa" si kumsikiliza mtu.

Na kibarua asidanganywe kwamba hana haki kwa kuwa analipwa kwa siku. Kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku moja. Mwenzetu wa shamba la miwa alikuwa amepalilia pale miezi saba.

Juu ya nyumba, kifungu cha 31 chamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au amlipe fedha za kutosha za kodi ya nyumba. Nyumba ambayo kila mwezi Aprili huingia maji mpaka magotini si nyumba ya kufaa, hata ikipakwa chokaa.

Lakini tuseme kweli, maana chama kisichosema kweli hakifai. Hakuna mahali sheria hii inaposema kwa maneno wazi kwamba siku za mafuriko zilipwe, na kwa anayelipwa kwa kipande cha kazi, asiyepalilia hapati kitu. Hapo sheria inatuacha nusu ya njia. Nusu iliyobaki twapaswa kuitembea wenyewe, kwa mapatano baina ya chama na waajiri. Kisichoandikwa katika mapatano hubaki kuwa huruma, na huruma ya bwana hubadilika kama hali ya hewa.

MISAADA NA MAHITAJI

Mvua ikiua watu, wakubwa huja. Huja kwa magari marefu, huvaa mabuti mapya, husimama juu ya tope na kupigwa picha. Kila mtu hupewa blanketi na unga kidogo. Hatuudharau unga huo. Mwenye njaa haudharau unga. Wala hatuwadharau vijana wa Msalaba Mwekundu, ambao tumewaona wakichimba matope wakati wengine walipokuwa wakitoa hotuba. Lakini misaada ni ya siku chache, na mahitaji ya mfanya kazi ni ya mwaka mzima.

Fikirini mambo ya kila siku. Kitambulisho kimechukuliwa na maji: bila kitambulisho mtu hasajili tena laini ya simu iliyopotea, na fedha zake za M-Pesa zimekwama humo. Kisima kimeingia maji ya vyoo: mama achota maji yale yale, na baada ya siku chache watoto wanaharisha. Madaftari na sare za shule zimeoza. Jembe limezikwa. Duka la jirani limepandisha bei ya gorogoro la mahindi kwa sababu barabara imekatika, na mwenye duka asema hakopeshi mtu ambaye hajui kama bado ana kazi. Hapo ndipo njaa inapoanza, wiki ya tatu, wakati wapiga picha wamekwisha kwenda zao.

Tena tazameni majira ya kazi yetu. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa mwezi wa Machi na Aprili, huvunwa Oktoba hadi Desemba. Mvua ya Novemba huyakuta shambani au uani yakianikwa. Bodi ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu kupita asilimia 13.5. Mwenye gunia mbichi humuuzia mchuuzi kwa bei ya kutupa, na yakiota ukungu ni sumu kwa watu na kwa ng'ombe. Asiye na shamba, aliyetegemea kibarua cha kuvuna na kupukuchua, hupoteza kazi yenyewe. Kwake yeye Novemba ndio mwezi wa kulipa madeni ya mwaka. Ukimpa blanketi umemfunika, lakini deni bado liko macho.

Tarehe 10 Mei 2024 Serikali ilifanya siku ya kuwaombolezea waliokufa na ya kupanda miti. Tulipanda, na tutapanda tena, kwa maana mlima ulionyolewa hauna wa kuushika. Lakini mti huchukua miaka kukua, na mtoto huhitaji uji leo jioni. Anayetupa mche na asitupe kazi ametupa nusu ya dawa.

Msisahau pia wale waliolinda mali ya wengine. Barabara ya Lodwar ilipokatika mwaka 2019, madereva na mataniboi wa Kitale walilala chini ya malori yao, wakilinda mizigo ya watu kwenye baridi. Taniboi mmoja, mwanachama wetu, aliporudi alikatwa posho ya siku zote zile. Aliambiwa: "Gari halikutembea." Ni kweli gari halikutembea. Lakini mzigo ulirudi kamili, hata gunia moja halikupungua. Je, uliojilinda ni nani, turubai?

SISI WENYEWE TUNA DENI

Haitoshi kunyoshea wengine kidole. Baadhi ya waliopandisha bei ya gorogoro ni ndugu zetu na wake zetu wenye vibanda. Baadhi ya wenye boda boda waliowatoza wagonjwa nauli mara tatu ni watoto wetu. Mtu asiyeweza kumhurumia jirani yake siku ya matope atamwambia nini tajiri siku ya mapatano?

Na chama chenyewe kilichelewa. Mwaka 2024 tawi letu lilichanga fedha, na wanachama walitoa kwa moyo. Lakini hatukuwa na orodha ya nani anakaa wapi wala nani nyumba yake imeanguka. Fedha zilikaa wiki mbili zikisubiri majina, na yule mwenzetu wa shamba la miwa hakupata hata senti, kwa sababu hakuna aliyeandika jina lake. Daftari la nyapara lilimkata, na daftari la chama halikuwa naye. Hilo ni kosa letu, na twaliandika hapa ili lisirudiwe.

Watu wa Webuye wanajua jambo hili kuliko wote. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009 haikunyesha mvua ya ajabu, wala mlima haukuanguka. Lakini nyumba zilihamwa, maduka yakafungwa, na mji ukawa kama uliopitiwa na maji. Kumbe mshahara ukikatika ghafula, hayo nayo ni mafuriko. Na mafuriko yakija juu ya watu wasio na mshahara, hayo ni mauti mara mbili.

MADAI YETU

Basi haya ndiyo twayataka, na twaomba kila mkutano wa kazini uyajadili na kuyapitisha.

1. Siku ambayo barabara, daraja au nyumba imeharibiwa na maji, au mtu amefiwa kwa sababu hiyo, isiandikwe utoro. Neno lenyewe liandikwe katika kila mapatano mapya: siku ya mafuriko.

2. Siku hizo zilipwe, angalau tano kwa kila mkasa, kwa wa mwezi na kwa vibarua, na asilazimishwe mtu kuzitoa katika likizo yake.

3. Dereva, taniboi na mlinzi aliyekwama na mali ya mwajiri ahesabiwe kuwa yuko kazini mchana na usiku mpaka aitoe mali hiyo.

4. Nyumba za kambi zilizo bondeni zikaguliwe wakati wa kiangazi, na chama kiwepo. Zisizofaa zihamishwe kabla ya Machi, si baada ya mazishi.

5. Kazi ya kutengeneza madaraja, mifereji na barabara baada ya mafuriko wapewe kwanza watu wa mahali palipoharibika, kwa mshahara kamili wa sheria. Mtu asichimbishwe kutwa kwa kilo mbili za unga na kuambiwa ni msaada.

6. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yaruhusu kaunti kuwa na Mfuko wa Dharura. Kaunti zetu zibandike hesabu ya mfuko huo katika ofisi ya kila chifu: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, na kimekwenda kwa nani. Na katika kila kamati ya kugawa misaada awemo mwakilishi wa wafanya kazi.

Hayo si maombi ya sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki na mazingira mazuri ya kazi, na kifungu cha 43 chataja nyumba, chakula na maji safi. Twadai kilichokwisha kuandikwa.

Na sisi tufanye yetu. Kila mjumbe wa chama aandike tangu mwezi huu jina la kila mwanachama na la kila kibarua asiye mwanachama, mahali anapokaa, idadi ya watoto, na jirani wa kuulizwa. Daftari hilo liwekwe mahali pa juu, mbali na maji. Mvua ikinyesha, mjumbe asingoje barua kutoka ofisini, aende akatazame.

Mtauliza yule mwenzetu aliishia wapi. Wenzake kumi na wawili walikwenda naye kwa meneja, wakasimama mlangoni bila matusi wala fujo, wakasema: "Sisi nasi tunakaa ng'ambo ya mto ule ule. Ukimkata yeye kwa maji ya jana, utatukata sisi kwa maji ya kesho." Meneja alitazama dirishani, akaona mawingu. Jina likarudishwa siku ile ile. Mshahara wa siku nne hakulipwa mpaka leo, na dai hilo bado liko mezani.

Kumi na wawili walirudisha jina moja. Je, tukisimama sote, hatutarudisha siku nne?

Mawingu hayangoji mkutano mkuu. Kutaneni sasa.

Umoja ni Nguvu.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Tawi